Kizingiti cha Robo: Portland Ilivyopata Madiwani 12

Mwaka 2018 Loretta Smith aligombea kiti katika baraza la jiji la Portland, Oregon, akashindwa na Jo Ann Hardesty. Mwaka 2020 akajaribu tena, safari hii akabwagwa na Dan Ryan kwa kura chache. Novemba 2024 Smith na Ryan wakaingia barazani pamoja, kila mmoja kutoka wilaya yake. Katikati hapo jiji lilikuwa limebadili namna ya kuhesabu kura.

Tangu 1913 Portland iliongozwa na watu watano tu, meya akiwemo, na kila mmoja alichaguliwa na jiji zima. Ukishinda unakabidhiwa idara uziendeshe: huyu maji, yule zimamoto, mwingine barabara. Miji mingine mikubwa ya Marekani ilishauacha mpango huo zamani. Tena kero haikuishia kwenye idara. Jiji zima linapopiga kura kwa kila kiti, kundi lenye asilimia 51 linaweza kuzoa vyote, na mgombea asiye na fedha za kujitangaza kila mtaa ajihesabu nje. Wakazi wa mashariki ya barabara kuu ya I-205 walilipa kodi kama wenzao, lakini ni mara chache sana waliona mtu wa kwao barazani.

Novemba 2022 wapiga kura, kama asilimia 58 hivi, wakapitisha utaratibu mpya: wilaya nne, madiwani watatu kila wilaya, na idara zote chini ya mtendaji mkuu wa kuajiriwa. Mazungumzo mengi yaling'ang'ania jambo moja, kwamba sasa mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba, 1 hadi 6. Kwa maoni yangu namba hizo ni nyenzo tu. Kilichoupa uchaguzi wa 2024 sura yake ni kizingiti cha robo.

Kinapatikana hivi: chukua kura halali za wilaya, gawa kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, yaani nne, kisha ongeza kura moja. Watu watatu wanaweza kukifikia, wanne hawawezi kamwe. Tuseme wilaya ina kura 40,000. Kizingiti ni 10,001. Mgombea A akipata chaguo la kwanza 12,501, amepita, na amebakiwa na ziada ya kura 2,500 asizozihitaji.

Ziada hiyo ni ya nani? Hapa ndipo penye utamu. Cambridge, Massachusetts, ambako madiwani wamechaguliwa kwa mfumo wa jamii hii tangu 1941, huchukua baadhi ya karatasi za mshindi na kuzihamisha nzima nzima. Portland inahamisha karatasi zake zote, ila kila moja ikiwa imepunguzwa thamani: 2,500 gawanya kwa 12,501, karibu 0.2. Uliyemweka A wa kwanza na B wa pili, sehemu kubwa ya kura yako inabaki kwa A na moja ya tano inakwenda kwa B. Mkiwa 5,000 mliopanga hivyo, B anaongezewa kura kama 1,000. Pasipokuwa na ziada ya kugawa, wa mkiani anaondolewa na karatasi zake zinakwenda kwa wanaofuata. Hivyo hivyo hadi viti vitatu vijae.

Matokeo yake yaangalie Wilaya ya 4, upande wa magharibi. Mitch Green, mwanauchumi wa mrengo wa kisoshalisti, alipita pamoja na Olivia Clark na Eric Zimmerman, watu wa siasa za wastani. Kwa kiti kimoja cha mshindi peke yake, upande mmoja kati ya pande hizo mbili ungerudi nyumbani mikono mitupu.

Ila hesabu nzuri haimlazimishi mtu kuitumia. Wagombea walikuwa 98, kwa sehemu kutokana na mpango wa jiji wa kuongezea fedha za umma kwenye michango midogo. Wilaya ya 3 na ya 4 zilikuwa na majina 30 kila moja. Majina 30 mara nafasi sita ni viduara 180 kwenye jedwali moja, na karatasi hiyo hiyo ilikuwa na urais wa nchi na meya. Takribani mtu mmoja kati ya watano waliorudisha karatasi aliuruka kabisa uchaguzi wa madiwani. Hali ilikuwa mbaya zaidi Wilaya ya 1, kule kule mashariki kulikodaiwa uwakilishi. Tena aliyejaza nafasi zote sita kwa watu walioondolewa mapema, kura yake iliishia njiani. Kama ningeulizwa, ningeanza kwa kubana masharti ya kuingia kwenye karatasi kabla ya kuongeza nafasi za kupanga.

Idadi ya 12 nayo ina mtego wake. Januari 2025 madiwani walikutana kumchagua rais wa baraza, kwa kura ya kawaida, isiyo na namba wala ziada. Sita wakamtaka Clark, sita Candace Avalos. Wakapiga raundi baada ya raundi, mpaka lilipoletwa jina jingine, la Elana Pirtle-Guiney wa Wilaya ya 2, na Green akahamia kwake, naye akapata kura saba zilizohitajika.