Sura na Jina

Mezani kwangu, hapa nyumbani Ubungo, kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu. Watoto huliita benki ya baba, ingawa ndani yake hamna hata senti moja inayoweza kununua kiberiti. Mna rupia ya Wajerumani yenye Kaiser aliyevaa kofia yenye tai, mna senti za tundu za enzi ya Mwingereza, na mna zile za kwetu za mwaka 1966, zenye Mwalimu akiwa bado kijana. Lakini katika mkusanyiko huo mna kitu kimoja ambacho hakijawahi kuwa fedha, nacho ndicho kilichonisumbua hata nikaandika kurasa hizi.

Ni medali ya ukumbusho, nzito, upana wake yapata sentimita 5, na juu yake imeandikwa jina la Louis IX, mfalme wa Ufaransa. Niliipata kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, karibu na pale palipokuwa kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kabla hakijahamia Mbezi mwaka 2021. Alikuwa ameiweka kwenye mizani pamoja na makoki mabovu. Nilimpa mara mbili ya bei ya shaba, naye akanicheka. Imefikaje Ubungo? Sijui, wala yeye hakujua.

Mkusanyaji akipata medali, kwanza haisugui, maana weusi wake ndio umri wake. Pili huigeuza akaangalia ukingoni. Ukingo wa hii una neno BRONZE na alama ndogo ya pembe iliyojaa matunda, ambayo kiwanda cha fedha cha Paris kimeitumia tangu mwaka 1880. Basi medali hii ilipigwa zaidi ya miaka mia sita baada ya kufa kwa mfalme mwenyewe, aliyefia Tunis mwaka 1270.

Nakiri kwamba ni kazi nzuri. Nywele zimeshuka mpaka shingoni, macho yametulia, mdomo umefungwa kama wa mtu aliyekwisha kutoa hukumu na hajutii. Ukiishika kwenye mwanga wa dirisha, shavu linainuka kama lina nyama. Unaamini kabisa kwamba umemwona mtu.

Na hapo ndipo ugomvi wangu nayo unapoanzia. Mchongaji hakumwona mtu huyo, na walimu wake hawakumwona. Hakuna picha ya kuaminika ya sura ya Louis IX. Ufaransa huonyesha mchoro wa ubaoni wa Mfalme Jean II, wa katikati ya karne ya 14, kama picha ya kwanza ya aina yake ya mfalme wao, na huo ni baada ya Louis kwa miaka themanini hivi. Hata hivyo, katika miaka ya 1830 mchongaji aitwaye Caqué alianza kuchonga mfululizo mzima wa wafalme wa Ufaransa, akianzia na Pharamond, ambaye wanahistoria wanamhesabu kuwa mtu wa hadithi. Mtu ambaye huenda hakuzaliwa alipewa pua na masikio!

Tusimlaumu mchongaji peke yake. Wakati huo alitawala Louis-Philippe, aliyepata kiti kwa mapinduzi ya mwaka 1830, na mtawala wa namna hiyo huhitaji mababu wengi. Mwaka 1837 alifungua jumba la Versailles kuwa makumbusho ya sifa za Ufaransa. Medali hizo ni za zama hizohizo: foleni ndefu ya wafalme, na mwisho wake mfalme aliyepo. Anayekusanya mfululizo mzima hukusanya pia hoja hiyo, hata kama hajui.

Ajabu ni kwamba Louis mwenyewe alifanya vivyo hivyo. Katika miaka ya 1260, kanisani Saint-Denis, ziliwekwa sanamu za makaburini za wafalme na malkia waliomtangulia, wengine wakiwa wamekufa karne nyingi kabla. Nyuso zote zilibuniwa. Lakini alipotengeneza fedha, sarafu yake kubwa ya mwaka 1266 iitwayo gros tournois, hakuweka uso. Aliweka msalaba, jina lake, na kulizunguka jina hilo maneno ya kulibariki jina la Mungu.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Hakuna uso, hakuna mwaka. Ni ubeti mdogo unaoingia mfukoni. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa, imeokotwa mpaka Zimbabwe Kuu. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mimi sina hata moja, na sitanunua, maana sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inazilinda, na mahali pake ni makumbusho. Lakini naijua sura ya al-Hasan kuliko ninavyoijua ya Louis. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akasimulia jinsi fakiri mmoja alivyomwomba sultani nguo alizovaa, siku ya Ijumaa, njiani akitoka msikitini. Sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Ipi pua inayoweza kuniambia zaidi ya hayo?

Msomaji atasema ninagombana na kipande cha shaba. La, ninagombana na jambo lililo ukutani kwetu.

Babu yangu alifariki nikiwa na miaka tisa, na hakupigwa picha hata moja maishani mwake. Miaka mingi baadaye, baba mdogo alikwenda Manzese kwa mchoraji wa mabango, akakaa mwenyewe kitini, akasema, "Nichore mimi, kisha uniongeze ndevu na miaka thelathini." Picha ililetwa, ikatundikwa sebuleni. Shangazi walilia. Watoto wakafundishwa kuiamkia. Na mimi niliyemjua babu, niliyelala kwenye mkeka wake, leo nikifumba macho simwoni tena. Namwona baba mdogo mwenye ndevu. Uso wa kubuni umeingia mahali pa uso wa kweli, ukafunga mlango kwa ndani.

Nilimwambia baba mdogo hayo, kwa adabu. Aliniangalia kitambo, akajibu, "Mwanangu, wewe ulimwona. Hawa wadogo je? Jina halimtazami mtoto."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo ninalo nusu tu. Ni kweli kwamba jina halimtazami mtoto. Bila ule uso wa shaba nisingeokoa medali ile kwenye mizani, wala nisingetafuta habari za Louis. Uso huita. Kosa la medali yangu ni kwamba haisemi kuwa ni dhana. Imeandika jina la mfalme kwa herufi kubwa, kama hati ya ushahidi. Sarafu zetu za shilingi 100 zenye Mwalimu, na za 200 zenye Mzee Karume, wapo wazee wanaoweza kuzishika na kusema hapa amefanana, hapa hakufanana. Medali ya Louis haina mzee wa kuikosoa, kwa hiyo ilipaswa kujikosoa yenyewe. Sarafu ya Kilwa haikuhitaji: ilisema lile tu ililolijua, jina la mtu na tegemeo lake.

Picha ya babu sikuishusha. Mwezi uliopita, watu walipokuwa wamelala, niliigeuza, nikaandika kwa kalamu nyuma ya ubao jina lake kamili na jina la baba yake. Chini nikaandika kwamba alikuwa fundi wa majamvi, kwamba hakuwahi kumfukuza mgeni saa ya chakula, na kwamba uso ulio mbele ni wa mwanawe, aliyempenda. Kisha nikairudisha ukutani. Siku moja mtoto fulani ataishusha ili apake chokaa, naye atasoma.