Sifa za Kiti cha Kushoto

Tukizungumza habari za udereva, sifa zote humwendea aliyeshika usukani. Leo nataka kumsifu aliyeketi kushoto kwake: mwalimu wa udereva, anayeendeshwa kutwa nzima na watu wasiojua kuendesha, ndani ya gari lenye kibao cha L, mguu wake ukiwa juu ya breki ya pili anayoomba asilazimike kuikanyaga. Vifaa vya gari ni vichache, na majina yake mwanafunzi huyajua siku ya kwanza. Kinachomchosha mwalimu ni kumsoma mtu: ajue leo amefika wapi na kesho asogezwe hatua ipi, asimkimbize wala asimbane. Huo ni ufundi kamili, na hatujaupa heshima yake.

Tuanze na klachi, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kati ya injini na giaboksi kuna klachi pleti, inayobanwa na springi kali kwenye flaiwili. Ukikanyaga pedali, pleti inaachia na injini inazunguka peke yake. Ukiinua mguu, vinashikana. Ugumu ni kwamba injini inazunguka mamia ya mara kwa dakika ilhali magurudumu yamesimama kabisa, na pande hizo mbili lazima zikutane bila mshtuko. Zinakutana katika nafasi ndogo sana ya mwendo wa pedali, nafasi ambayo jicho haliioni. Huijua kwa sikio na unyayo: muungurumo unashuka, bodi inatetemeka kidogo, gari linataka kuondoka.

Mwalimu asiyejua kazi husema “achia polepole”, na gari likizima hurudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu hodari humpeleka mwanafunzi kwenye uwanja tambarare, humkataza kugusa mafuta, kisha humwachia ainue klachi kidogo kidogo hadi gari lenyewe lianze kutambaa. Wanasimama, wanaanza tena. Hakuna honi nyuma yao. Yuko atakayeipata asubuhi hiyohiyo, na yuko atakayerudi uwanjani hapo siku nyingi, kisha siku moja mguu wake unajua, na yeye mwenyewe hawezi kueleza umejuaje. Mlima, handibreki na rivasi huja baadaye, na huja kwa urahisi kwa mtu ambaye hakuharakishwa hapo mwanzo.

Baada ya mguu ni macho. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani, Ronald Mourant na Thomas Rockwell, walichapisha utafiti juu ya macho ya madereva wapya na wazoefu. Waliona kwamba wapya hutazama karibu na pua ya gari na hawapitii vioo mara nyingi kama wazoefu. Kila mwalimu aliyewahi kusema “tazama mbali” anaujua ukweli huo kwa shingo yake. Lakini kusema hakutoshi. Macho hurudi karibu kwa sababu akili bado inahangaika na gia na mstari wa barabara. Mpaka mikono na miguu ijitegemee, macho hayana nafasi ya kwenda mbali. Na umbali si jambo dogo: kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari linapita mita 14 hivi katika sekunde moja. Ndiyo maana mwenye hekima hampeleki mwanafunzi kwenye msongamano wa Kariakoo kabla ya wakati wake, hata akisihiwa na mwanafunzi mwenyewe.

Kabla shule za udereva hazijaenea, malori yalikuwa na shule yao, na hadi leo mabaki yake yapo. Utingo alianza kwa kupima oili na maji, kufunga turubai, kugonga matairi kwa chuma asikilize upepo, kuweka gogo nyuma ya gurudumu lori linapokwama mlimani. Aliketi kushoto miaka, akisikiliza. Lori lenye mzigo likiteremka mlima Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, alijifunza kwamba dereva mzuri huingiza gia nzito tangu juu, akaiacha injini ishikilie mzigo, kwa sababu breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kuisha nguvu. Hayo aliyajua mwilini kabla hajagusa usukani. Na lori likivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, ambako watu huendesha upande wa kulia, utingo ndiye aliyekuwa jicho: usukani wa lori letu sasa uko ukingoni mwa barabara, dereva haoni kilicho mbele ya gari analolifuata, na wa kushoto ndiye anayesema “subiri” au “pita”. Kijana aliyebebeshwa neno hilo alikwishajifunza kupima mwendo wa gari linalokuja, hata kama leseni hakuwa nayo.

Sheria ina haki kudai mafunzo rasmi na leseni ya muda. Wapo waliokufa mikononi mwa vijana waliopewa usukani usiku kwa sababu dereva amechoka. Ninachokililia katika desturi ile ni muda wake. Hakuna aliyemwambia utingo kwamba wiki nne zimekwisha, kwa hiyo amejua.

Shule nyingi leo huuza muda, na muda mmoja kwa wote. Lakini tazama wanaoingia. Kijana wa bodaboda anaijua barabara kama kiganja chake; anasoma nia ya daladala kabla haijawasha taa. Kinachomshinda ni upana: bado anapenya penye nafasi ya pikipiki, na mwalimu lazima amfundishe kungoja. Mama wa miaka hamsini na kitu, ambaye hata baiskeli hakuwahi kupanda, atazima gari mara nyingi kwenye mataa, lakini anamwona mtoto aliye kando ya barabara kabla ya mtu yeyote, na kivuko cha waenda kwa miguu hakipiti bila kusimama. Yupi mwepesi hapo? Kila mmoja ana wepesi wake na uzito wake, na ratiba ya ukutani haijui. Mwalimu anajua. Honi zikipigwa nyuma, humwambia, “Mama, usiwasikilize hao, washa gari tu, tuko pamoja,” naye mama anashusha pumzi, anatia gia namba moja.

Siku hizi magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani ni ya otomatiki, na wapo wanaojifunza hayo tu. Siwalaumu. Klachi ikiondoka, macho yanapata nafasi mapema. Ila subira ya mwalimu inahitajika vilevile, maana gari lisilozima humficha mwanafunzi asiyekuwa tayari.

Nawafahamu walimu ambao ada imekwisha kulipwa, muda umetimia, mwanafunzi anataka kwenda kwenye mtihani wa trafiki, nao wanasema bado. Wanagombezwa na mwenye shule, wanalaumiwa na mzazi. Asubuhi yake wanamchukua tena mwanafunzi yuleyule, wanamrudisha penye mlima uliomshinda, na wanaketi kushoto.