Usalama wa Utafiti au Ulinzi wa Utafiti?

Mwezi wa Januari 2021 Rais wa Marekani alitoa agizo la kuvitaka vyuo na taasisi zinazopokea fedha nyingi za utafiti kutoka serikali kuu ya nchi hiyo ziwe na mpango wa kuzuia kazi zao zisiibwe wala kuingiliwa na mataifa mengine. Mwaka 2022 Bunge lao liliongeza masharti kwa njia ya sheria. Dhana hiyo haikomei huko, kwani vyuo vya nchi nyingine vinavyoshirikiana na vile vya Marekani navyo huweza kuulizwa juu ya wafadhili na washiriki wao. Mfasiri wa Kiswahili anapokutana nayo, mkono wake huandika upesi "usalama wa utafiti". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo haifai, na kwamba kasoro yake si ya lugha tu.

Neno "usalama" limekwisha kubeba mzigo mkubwa. Tunalo katika usalama barabarani na usalama mahali pa kazi, ambapo maana yake ni kuepukana na ajali na madhara. Tunalo pia katika Usalama wa Taifa, na kila Mtanzania ajua ni akina nani wanaotajwa pakisemwa "watu wa usalama". Kiingereza kina neno moja kwa dhana ya kwanza na jingine kwa dhana ya pili. Kiswahili kimezitia katika chungu kimoja. Hata hivyo, pale ambapo utata huo ungeleta taabu, wataalamu wamekwisha kuutatua. Neno la Kiingereza la dhana ile ya pili tumelipatia kisawe "hifadhi" katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na "dhamana" katika Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Vivyo hivyo twasema uhakika wa chakula tukimaanisha kuwa chakula kitapatikana, na usalama wa chakula tukimaanisha kuwa hakina sumu. Kumbe njia ya kufuata ipo.

Na tuipime istilahi hii mahali itakapotumika. Tuchukue Wilaya za Mbinga na Nyasa, Mkoa wa Ruvuma. Huko juu milimani Wamatengo hulima kwa ngoro, yaani mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko mikali ili udongo usichukuliwe na maji. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani vilishirikiana kuutafiti ukulima huo. Huko chini, Mbamba Bay na Liuli, ni ufuko wa Ziwa Nyasa, lenye mamia ya aina za samaki zisizopatikana penginepo. Ziwa hilo pia lina mgogoro wa mpaka: Tanzania yasema mpaka wapita katikati ya maji, Malawi yashikilia kuwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliuweka ufukoni kwetu. Mgogoro huo uliamka tena mwaka 2012, kuhusiana na utafutaji wa mafuta ziwani.

Mtafiti hutangulizwa huko na karatasi: kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986, kisha barua za mkoa na wilaya, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Tuseme barua yamtaka mtendaji huyo "azingatie usalama wa utafiti". Ataelewa nini? Huenda akadhani anaambiwa ahakikishe kuwa mtumbwi hauvuji. Huenda akadhani, na katika kijiji cha mpakani hili ndilo jepesi zaidi, kuwa mgeni anashukiwa, na kwamba shauri ni la Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya. Mwanafunzi aliyekuja kuhesabu samaki atageuka mpelelezi kabla hajafungua daftari. Mvuvi atakayeulizwa avua wapi atanyamaza, na utafiti uliojengwa juu ya ukimya hauifai hata serikali yenyewe.

Sisi twapendekeza "ulinzi wa utafiti". "Usalama" ni jina la hali. Halidai mtenda wala mtendwa. "Ulinzi" hutokana na kitenzi linda, nacho hudai majibu: nani analinda, analinda nini, dhidi ya nani? Mfano tunao katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Watakuwapo watakaosema kuwa "ulinzi" wanukia bunduki kuliko "usalama". Hoja hiyo ina uzito. Lakini lindo lina mipaka, na hali ya usalama haina. Habari za ngoro zilizokwisha kuchapishwa hazina haja ya mlinzi. Majina ya wakulima waliohojiwa yanayo, na barua yaweza kuyataja.

Hapana budi kuonya pia juu ya "taarifa nyeti". Agizo la Marekani la mwaka 1985 lilitaka matokeo ya utafiti wa msingi yawe wazi kadiri iwezekanavyo, na panapolazimu kuyazuia kwa ajili ya usalama wa taifa, yawekwe rasmi katika daraja la siri. Baadaye likakua eneo la katikati, lisilo siri wala wazi. Katika mpango wa mashtaka ulioanza mwaka 2018 na kufungwa Februari 2022, wanasayansi kadhaa, wengi wao wenye asili ya China, walishtakiwa, mara nyingi kwa kutotaja uhusiano wao na taasisi za China. Baadhi ya kesi ziliondolewa au zikaanguka mahakamani. "Siri" ina kipimo katika sheria. Kipimo cha "nyeti" ni moyo wa mwenye kulitamka.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu. Neno linaloandikwa leo katika waraka wa chuo laweza kesho kuwa kifungu cha sheria, na hakimu hatasoma nia ya mfasiri bali neno lake. Kwa hiyo twapendekeza "usalama katika utafiti" kwa kinga ya ajali na maradhi. "Ulinzi wa utafiti" kwa kuzuia wizi na kuingiliwa, na daima kitajwe kinacholindwa. Na "siri" pale tu sheria isemapo hivyo. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wenye hoja tofauti watuandikie. Istilahi yafaa ibishaniwe kabla ya kusanifishwa.