Pongezi kwa Wasomaji wa Kisangani

Miongoni mwa watu wastahilio shukrani zetu, na ambao ni nadra kutajwa, wamo wasomaji wa Kisangani, mji wenye Chuo Kikuu tangu mwaka 1963, ambao hupokezana kitabu kimoja mkono kwa mkono, aghalabu nakala ya fotokopi iliyochakaa pembe na kupigwa mistari ya kalamu pambizoni, kisha wakaambiana, bila ya kuogopana wala kubembelezana, wayaonayo humo hata kabla hawajafika mwisho.

Kazi hiyo ni adhimu zaidi hapa kwa sababu wageni wameuandika mno mji huu. Joseph Conrad, aliyefika kwenye maporomoko ya mto wetu mwaka 1890, alichapisha Heart of Darkness mwaka 1899, akafuata V. S. Naipaul mwaka 1979 na A Bend in the River, kitabu ambacho wasomaji wengi wameutambua mji wake usiotajwa jina kuwa ni Kisangani. Vitabu hivyo vimesifiwa ulimwenguni kote, nami siukatai ufasaha wake. Lakini msomaji avukaye mto huo kwa mtumbwi kutoka upande wa Lubunga ana haki, tena ana ilimu, ya kusema kwamba hapa mwandishi ameona sawa, na pale watu wa kwetu wamefanywa vivuli tu. Insafu ya namna hiyo haipatikani kwa mhakiki wa London.

Hongereni basi, ndugu zangu; na yule anayechoshwa na kitabu asione haya kusema, bali autaje na ukurasa uliomchosha.