Darasa Lisilohitimu: Lafudhi na Kicheko katika Mind Your Language

Miongoni mwa futuhi za Uingereza zilizopata hadhira nchini Kenya, ni chache zinazokumbukwa kwa mapenzi kama Mind Your Language. Kipindi hiki kiliandikwa na Vince Powell, kikatengenezwa na London Weekend Television na kuonyeshwa Uingereza kuanzia mwisho wa mwaka 1977 hadi 1979, kisha kikafufuliwa kwa muda mfupi katikati ya miaka ya 1980. Kisa chake ni chepesi. Jeremy Brown (Barry Evans), kijana mwenye shahada ya Oxford, anafundisha Kiingereza darasa la jioni la watu wazima wa mataifa mbalimbali, huku mkuu wa shule, Bi. Courtenay (Zara Nutley), akimvizia. Mwaka 1979 Michael Grade, aliyesimamia vipindi vya kituo hicho, alikisitisha kwa kuwa aliyaona maudhui yake kuwa ya kudhalilisha watu. Kenya kiliendelea kutazamwa na kuchekwa kupitia runinga ya taifa. Makala haya yanachunguza nini hasa kilichokuwa kikichekwa, na mchekaji wa Kenya alikuwa amesimama wapi alipocheka.

Wanaokitetea kipindi hiki husema ni mzaha tu. Wanaokishutumu husema ni ubaguzi. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba kicheko chake ni kimoja, ilhali kina vyanzo viwili vinavyotofautiana kiisimu.

Chanzo cha kwanza ni Kiingereza chenyewe. Nahau huchukuliwa kwa maana ya msingi, neno lenye maana mbili hueleweka kwa ile isiyokusudiwa, na swali la mwalimu hujibiwa kwa usahihi wa kisarufi usiokuwa na maana yoyote kimazungumzo. Katika kichekesho cha aina hii mwanafunzi hana upumbavu wowote. Ameifuata kanuni aliyofundishwa hadi mahali ambapo lugha yenyewe imeikiuka. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye hufika hapo siku anapokutana na kula kiapo, kula njama na kula chumvi nyingi, akauliza ni mlo gani huu. Swali lake ni la haki, na mzawa hulicheka kwa kuwa hana jibu. Sehemu hizi za Mind Your Language hazijachuja. Zinaweza kutumika hata leo katika somo la pragmatiki, na mwalimu Brown mara nyingi ndiye anayeaibika ndani yake, kwani ndiye anayelazimika kueleza kisichoelezeka.

Chanzo cha pili ni lafudhi, na hapo ndipo umri wa kipindi unapoonekana. Taro Nagazumi, Mjapani wa darasa hili, hutambulishwa kwa kupachika irabu /o/ mwishoni mwa maneno. Msingi wa tabia hii ni wa kweli. Kijapani hupendelea silabi wazi, na neno la mkopo linaloishia kwa konsonanti huongezewa irabu. Hata hivyo, irabu hiyo haichaguliwi ovyo. Kwa kawaida huwa /u/, na /o/ hutokea hasa baada ya /t/ na /d/. Powell ameitwaa kanuni yenye masharti, ameyafuta masharti, na kilichobaki ni njuga ya kumfunga Taro mguuni ili hadhira imsikie anapokuja. Mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuliangalia jambo hili, kwa kuwa lugha yake hufanya vivyo hivyo. Maneno ya Kiingereza yaliyozaa basi, kadi na pampu yote yaliishia kwa konsonanti, na la Kiarabu lililozaa kitabu pia. Kiswahili nacho kina masharti yake: /i/ hutumika kwa wingi, ilhali /u/ hupenda kufuata konsonanti za midomo. Mswahili anayemcheka Taro anaicheka fonolojia inayomwezesha yeye mwenyewe kuita kituo cha basi kwa jina hilo.

Uigizaji unaonyesha jinsi lafudhi hizi zilivyokuwa vazi la jukwaani. Ranjeet, Kalasinga anayeomba radhi elfu moja kwa kila kosa, aliigizwa na Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka. Max, Mgiriki, aliigizwa na Kevork Malikyan, Muarmenia aliyezaliwa Uturuki. Chung Su-Lee wa China, ambaye haachani na kitabu cha Mao, aliigizwa na Pik-Sen Lim wa Penang. Si kosa mwigizaji kuvaa asili isiyo yake. Sanaa ya maigizo isingekuwapo bila ruhusa hiyo. Tatizo ni kwamba lafudhi iliyotakiwa ilikuwa ile ambayo Mwingereza asiyewahi kufika Athens wala Amritsar angeitambua papo hapo. Kipimo cha ukweli kilikuwa sikio la London.

Kasoro kubwa zaidi, na ambayo wachambuzi wa kipindi hawaikazii vya kutosha, iko katika muundo. Futuhi ya mfululizo huhitaji kila sehemu irudi ilikoanzia, kwa sababu mtazamaji wa wiki ijayo anataka kuwakuta wahusika walewale. Sharti hilo halimdhuru sana mwenye hoteli katika Fawlty Towers. Basil Fawlty hatarajiwi kubadilika. Darasa, kinyume chake, ni mahali pa kubadilika. Larry Selinker alipoeleza lughakati ya mwanafunzi wa lugha ya pili mwaka 1972, alizungumzia pia kuvia, yaani kukwama kwa vipengele fulani visivyosogea tena. Kwa Selinker jambo hilo hutokea ndani ya mwanafunzi. Kwa Powell huamriwa na hati ya kipindi: Jamila akiimudu lugha, amepoteza kazi. Hivyo Brown anafundisha kwa bidii msimu baada ya msimu, na hakuna anayeruhusiwa kujua zaidi ya alivyojua siku ya kwanza. Hapa picha mgando ya kitaifa na mahitaji ya biashara ya televisheni vilikubaliana kwa urahisi mno.

Kwamba lafudhi inaweza kuchekesha kwa njia nyingine kulionyeshwa na 'Allo 'Allo!, futuhi ya BBC ya David Croft na Jeremy Lloyd iliyoonyeshwa kati ya 1982 na 1992. Humo wahusika wote husema Kiingereza, na lafudhi ndiyo huashiria kama wanazungumza Kifaransa, Kijerumani au Kiingereza. Crabtree, jasusi wa Kiingereza aliyejifanya polisi wa Kifaransa, huvuruga irabu za Kiingereza, na uvurugaji huo unawakilisha Kifaransa chake kibovu. Mwingereza anacheka lugha yake ikiharibiwa na Mwingereza mwenzake. Picha mgando nako hazikosekani, tena tele, ila mzaha huu mmoja una uadilifu ambao Mind Your Language haikuufikia.

Vipi basi mtazamaji wa Kenya? Wengi waliokipenda kipindi hiki walikuwa wamepita shule ambazo kuteleza kutoka Kiingereza kulikuwa na adhabu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), ameeleza jinsi wanafunzi walivyopokezana kifungo, na aliyekutwa nacho jioni akaadhibiwa. Kwa hadhira yenye kumbukumbu hiyo, darasa ambamo watu wazima wanakiborongaborongа Kiingereza mbele ya mwalimu, naye akashika kichwa tu bila kushika kiboko, lilikuwa burudani ya aina ya pekee. Mapenzi haya yana mashiko, na shutuma za London haziyagusi.

Lakini faraja hiyo ilikuwa na bei nafuu. Katika wanafunzi wa kudumu wa misimu mitatu ya kwanza hamna Mwafrika. Mtazamaji wa Kisumu au Nyeri aliweza kuketi upande wa Brown kwa nusu saa kwa kuwa kiti chake hakikuwekwa darasani. Powell huyohuyo, pamoja na Harry Driver, alikuwa ameandika Love Thy Neighbour (1972–1976), ambamo jirani mweusi yupo na hutukanwa waziwazi. Ni vigumu kudhani kwamba kumbukumbu za Mind Your Language zingekuwa tamu vile endapo mhusika wa namna hiyo angeingizwa darasani na lafudhi yake ikatiwa njuga.

Runinga hiyohiyo ya Kenya ilikuwa na kicheko chake cha lafudhi. Marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu kwa kuzaliwa, alimwigiza Mzee Ojwang kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo katika Vitimbi na Vioja Mahakamani. Katika nchi ambamo tofauti za kikabila zimewahi kumwaga damu, huo si mchezo usio na hatari. Hata hivyo Ojwang ana nyumba, ana mke anayembishia, ana hila, na humalizia sentensi zake mwenyewe. Lafudhi yake husikika tangu mwanzo hadi mwisho, na kisa huendelea bila mtu yeyote kutumwa kuisahihisha.