Ngazi Isiyogusa Ardhi: Wanawake na Uongozi wa Makampuni

Nyanda za Juu Kusini zimelipatia Bunge letu Maspika wawili wanawake. Mwaka 2010 alichaguliwa Ndugu Anne Makinda, Mbunge wa Njombe Kusini, wakati Njombe ingali ndani ya Mkoa wa Iringa. Mwaka 2022 akachaguliwa Ndugu Tulia Ackson, aliyekuwa Mbunge wa Mbeya Mjini. Katika siasa, basi, hoja kwamba mwanamke hawezi kuongoza imekwisha kufa. Je, katika makampuni nako imekufa?

Siku hizi waajiri wanazo programu za kuwaandaa wanawake kushika uongozi kazini. Chama cha Waajiri Tanzania (ATE) kinaendesha mafunzo ya namna hiyo, yaliyobuniwa kwanza na waajiri wa Norway. Hatuyabezi. Lakini lazima tuulize: ni nani anayepelekwa kusoma? Kwa kawaida mwajiri ndiye anayeteua na kulipa, naye humteua aliyekwisha kufika ofisini. Mama anayechuma chai Mufindi au Rungwe, kapu mgongoni tangu asubuhi, hayumo katika hesabu. Kwake yeye ngazi imening'inia juu, haigusi ardhi.

Tena, huko Norway mafunzo hayakuachwa peke yake. Sheria ya mwaka 2003 iliyataka makampuni makubwa ya hisa yawe na bodi ambamo kila jinsia ina takriban asilimia 40 ya viti, na tangu 2008 kampuni isiyotii iliweza kuvunjwa. Sisi tumechukua darasa, tukaiacha sheria.

Udhaifu huu tunaujua. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulianzisha Mabaraza ya Wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukalaani unyapara. Hata hivyo kazi ya Baraza ilikuwa kushauri tu. Mfanyakazi alipewa sauti, lakini uamuzi ulibaki kwa meneja. Ushirikishwaji usiogusa uamuzi ni pambo.

Tufanye nini? Matawi ya Chama mahali pa kazi yaliondolewa mfumo wa vyama vingi ulipoanza mwaka 1992. Kwa hiyo mapambano haya ni ya vyama vya wafanyakazi, na wajibu wa kada ni kuwaelimisha wafanyakazi haki zao. Silaha ipo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza usawa wa nafasi na kuondoa ubaguzi. Wafanyakazi waudai mpango huo, wausome, kisha waulize: unasema nini juu ya wachumaji? Wanafundishwa lini usimamizi, kwa saa za kazi zenye malipo? Na orodha ya wanaopandishwa vyeo inajadiliwa na nani?

Watasema wanawake wa mashambani hawana elimu. Lakini anayeamua nani afundishwe ni mwajiri huyo huyo. Hawezi kufunga mlango, kisha akamlaumu aliye nje kwa kutoingia.