Kila Oktoba, Mabaharia Wapya

Klabu ya mashua ya chuo kikuu ina kasoro ya kuzaliwa nayo: mtu akishaijua kazi, anahitimu. Uingereza, shahada nyingi za kwanza ni za miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mwanafunzi anajifunza kutofautisha jarari, kamba ya kupandishia tanga, na demani, kamba ya kulikazia, wa pili anaaminiwa usukani, wa tatu anaanza kuwafundisha wenzake, na Juni ikifika anafunga mizigo na kuondoka na ujuzi wake wote. Pamoja na hayo, klabu ya Oxford ipo tangu 1884 na ya Cambridge tangu 1893. Zimeishi zaidi ya karne mikononi mwa wapita njia. Ukitaka kujua inawezekanaje, usitazame vikombe kabatini. Mtazame anayeongoza, tena umtazame mwaka mzima.

Nilimtazama mmoja katika klabu ndogo ya kusini mwa Uingereza, yenye mashua sita, banda la mabati na ruhusa ya kutumia bwawa la maji nje kidogo ya mji. Cheo chake kilikuwa Komodoo. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa pili, binti wa maneno machache, na kazi yake ilianza Septemba kwa kalamu na karatasi, kabla hajagusa maji.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mashua moja hubeba wawili, mjuzi na mgeni. Mashua sita zinataka wajuzi sita, nazo zitatoa nafasi sita za wageni kwa mkupuo mmoja. Lakini hakuna tanga linalotwekwa kabla boti ya uokoaji haijaingia majini, na boti hiyo inataka dereva aliyefunzwa. RYA, chama cha taifa cha mchezo huu, kina mafunzo ya siku mbili ya kazi hiyo. Komodoo alikuwa na madereva wawili tu. Mmoja akiugua na mwingine akiwa na mtihani, klabu nzima inabaki nchi kavu. Mweka hazina alitaka fedha zinunue tanga jipya, na kweli matanga yao yalikuwa yamelegea kama shuka kuukuu. Komodoo akazipeleka kwenye mafunzo ya madereva wanne. Tanga jipya lingeongeza mwendo wa mashua moja. Madereva wanne waliiwezesha klabu kutoka Jumamosi na Jumapili pia. Klabu ilikuwa imekua kabla ya mgeni hata mmoja kujiandikisha.

Mwanzoni mwa Oktoba vyama vya wanafunzi hupanga meza na kuwagombea wanafunzi wapya. Meza nyingi zina peremende, daftari la majina na mtu mwenye sauti kubwa. Yeye alileta mashua, akaisimamisha mlingoti kwenye nyasi na kuyazuia magurudumu ya kitoroli chake. Aliyesogea hakuhutubiwa. Aliambiwa apande, akae ubavuni, ashike kana ya usukani kwa mkono mmoja na demani kwa mwingine, avute aone tanga linavyokaza. Ndipo alipoulizwa jina. Hakuna aliyeondoka na ahadi ya kwamba atatafutwa baadaye: kila jina liliandikwa pamoja na siku, saa na gari atakalopanda, na siku hiyo haikupita Jumamosi ya pili. Hamu ya mgeni hupoa upesi, na Komodoo alijua kwamba majina mia yasiyowahi kulowa maji ni wino tu.

Mashua zao ni za aina ya Firefly. Uffa Fox ndiye aliyeichora, ikatoka mwaka 1946: urefu mita 3.66, watu wawili, matanga mawili, basi. Katika Olimpiki ya 1948 iliendeshwa na mtu mmoja mmoja, na kijana wa Denmark aitwaye Paul Elvstrøm akaipatia dhahabu ya kwanza kati ya nne alizotwaa maishani. Aliyezoea jahazi au ngalawa atatafuta foromali, ule mti wa kubebea tanga, asiione. Tanga kuu ni la pembetatu. Ubavu wake wa mbele hupita ndani ya mfereji wa mlingoti wenyewe, na upande wa chini hushikwa na mti wa ulalo unaovuka juu ya vichwa vya watu kila mashua inapogeuka. Katikati kuna ubao unaoshushwa majini, ndio unaoizuia mashua isisukumwe upande. Ni chombo chepesi, kinachojibu papo hapo, na kosa la mwanafunzi hujulikana pale pale bila ya kusubiri kuambiwa.

Jumamosi ya kwanza upepo ulikuwa wa kadiri na baridi imeanza kuuma. Komodoo alichukua mashua moja na wageni wawili. Kwanza omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, ielekezwe upepo unakotoka, ili tanga likipanda lipepee bila kujaa. Kisha tanga dogo la mbele: pembe yake ya chini inafungwa omoni, jarari inavutwa na kukazwa mpaka waya wa mbele wa mlingoti unalegea, ishara kwamba mlingoti sasa umeshikwa na tanga lenyewe. Halafu tanga kuu: mmoja anavuta jarari, mwenzake anauingiza ubavu wa tanga mferejini kwa vidole, taratibu, usikunjamane. Kila hatua aliionyesha mara moja, akaifungua, akawaachia wao.

Subira yake niliiona kwenye fundo. Mwishoni mwa demani hufungwa fundo la kuizuia isichomoke kwenye kapi. Mgeni mmoja alilifunga, likafumuka. Akalifunga tena, likafumuka tena. Komodoo alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, mikono nyuma, vidole vimeshikana. Angelifunga yeye kwa sekunde mbili. Wengine walikwisha kuanza kusukuma mashua zao majini na upepo ulikuwa ukiongezeka. Hakusema kitu. Mara ya nne fundo likashika, naye akalivuta kwa nguvu mbele ya mgeni, likashika bado, akaitikia kwa kichwa.

Mashua ilipokuwa tayari aliuliza swali moja: kimesahauliwa nini? Waliizunguka, wakapapasa kamba, wakatazama juu mlingotini. Hatimaye mmoja akapiga magoti upande wa tezi, nyuma ya mashua, akakuta tundu la kutolea maji liko wazi na kizibo chake kinaning'inia kwenye uzi. Bila kizibo hicho maji huingia kidogo kidogo, na mtu hujua mashua imekuwa nzito akiwa mbali na ukingo. Kijana akakikaza kwa mkono wake. Tangu hapo, kila Jumamosi, yeye ndiye aliyekuwa akipita kukagua vizibo vya wenzake.

Majini, mgeni alikaa kwenye usukani tangu mwanzo, na mjuzi akakaa mbele na tanga dogo. Somo la siku lilikuwa moja: kuigeuza mashua ikatize upepo. Anayetaka kwenda upepo unakotoka hana njia ya moja kwa moja; atapiga bisha, kushoto na kulia, mpaka afike, na kila mgeuko ni mahali pa kukosea. Mwulize mwenzako kama yuko tayari, ungoje jibu. Sukuma kana kuelekea upande wa tanga, polepole lakini bila kusita. Mti wa tanga ukianza kuvuka, inama, hamia upande wa pili uso ukiwa mbele, badilisha mikono, irudishe kana katikati.

Mgeni wa Komodoo alisita. Mashua ikakwama, omo imekodolea upepo, tanga likipigapiga. Hapa mwalimu wa haraka huinyakua kana. Yeye aliivuta kidogo pembe ya tanga la mbele upande wa kinyume, kwa vidole viwili. Upepo ukalijaza kutoka nyuma, ukaisukuma omo, mashua ikageuka na kushika mwendo. Mgeni alicheka, akidhani ameigeuza peke yake. Komodoo alimwacha adhani hivyo kwa siku hiyo. Jumamosi iliyofuata, kijana alipokwisha kupata moyo, alimwonyesha ile hila ya tanga la mbele, akamkwamisha makusudi ili aitumie.

Kabla ya zamu kwisha kila mashua ililazwa majini kwa hiari. Boti ya uokoaji ilisogea karibu, dereva amejifunga pajani kamba ya usalama, ambayo akianguka hung'oka na kuizima injini. Vichwa viwili huhesabiwa kwanza. Kisha mmoja anazunguka upande wa chini ya mashua na kupanda juu ya ule ubao wa katikati. Mwenzake anaziachia kamba za matanga na kujilaza ndani, kwenye ubavu uliozama. Wa kwanza anaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Kwa muda hakuna kinachotokea, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Lakini maji yanaanza kuteleza kutoka kwenye tanga, ncha ya mlingoti inachomoza, halafu mashua inainuka kwa mkupuo na aliyelala ndani anajikuta ameketi. Mgeni aliyekwisha kuzama na kuinuka hashiki kana kwa woga tena.

Jambo ambalo mtazamaji wa haraka halioni ni nchi kavu. Wageni sita wako majini, kumi na zaidi wanatetemeka ukingoni, na huko ndiko klabu nyingi hupoteza watu. Komodoo alizifupisha zamu ziwe za dakika 40. Kila aliyebaki ukingoni alipewa kazi: kuipokea mashua inaporudi, kushika saa, kumimina chai, kupanga kokoto zinazowakilisha mashua na kubishana nani ana haki ya njia. Aliyajua majina yote. Mtu asipoonekana, ujumbe wake ulikuwa wa sentensi moja, ukitaja mashua ambayo nafasi yake ilikuwa imewekwa. Walirudi wengi, nadhani kwa sababu walijua pengo lao lilionekana.

Januari kazi ilihamia bandani. Mashua mbili zilikuwa zimegongana na moja imepasuka faiba karibu na omo. Fundi wa nje angeitengeneza kwa siku chache. Komodoo aliwaita wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza. Mashua ikaachwa ikauke kabisa, taa ya joto ikiwa karibu na ufa. Wakasugua kwa msasa mkali kuzunguka ufa mpaka kingo zikateremka polepole na nyuzi za faiba zikaonekana, wakafuta vumbi kwa asetoni. Vipande vitatu vya kitambaa cha faiba vikakatwa, kila kimoja kipana kuliko kilichotangulia. Rezini na kigumishi vikapimwa kwenye mizani, vikachanganywa bila kuvurugwa kwa pupa, kwani kila povu ni udhaifu. Kitambaa kikalazwa, kikaloweshwa, na brashi fupi ikagongagongwa juu yake kutoa hewa. Baridi huichelewesha rezini kuganda, kwa hiyo hawakuigusa mpaka siku ya pili. Kisha msasa wa 80, wa 240, na mwishowe msasa laini wa maji. Kiraka kilikuwa kimetokeza kidogo; kidole kilikihisi ingawa jicho halikukiona. Komodoo alipitisha kidole chake pale, akawarudishia msasa.

Wale waliodumu hadi majira ya kuchipua waliingia mbio za timu, ambazo ndizo roho ya mchezo huu vyuoni. Timu mbili, mashua tatu kila upande. Wa kwanza hupata pointi 1, wa mwisho 6. Zote pamoja ni 21, hivyo timu yenye 10 au chini imeshinda. Nafasi za 1, 4 na 5 zinatosha kuwashinda wa 2, 3 na 6. Kuwa wa kwanza peke yako hakufui dafu: ukiwa wa 1 na wenzako wa 5 na wa 6, mna pointi 12 na mmeshindwa. Kwa hiyo anayeongoza mara nyingi hupunguza mwendo karibu na boya, akamzuia mpinzani kwa kufuata sheria za njia, mpaka mwenzake apite. Mabingwa wa sanaa hii hukutana West Kirby, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kugombea Wilson Trophy iliyoanza 1949, nao hushindana kwa Firefly hizi hizi. Komodoo aliwafundisha hesabu hiyo kwa kokoto kwanza, halafu majini, mpaka vijana waliokuwa wakitaka kukimbia tu wakajifunza kutazama nyuma. Timu ya kwanza ya chuo ilipochaguliwa, jina lake halikuwamo. Wakati wa kujinoa yeye alikuwa akiwanoa wengine, na alilijua hilo tangu Oktoba.

Uchaguzi wa kamati mpya hufanyika Machi, si Juni, na hilo lilikuwa pendekezo lake, ili anayeingia na anayetoka wafanye kazi pamoja muhula mzima. Komodoo mpya ni yule kijana wa vizibo. Alikabidhiwa daftari lenye mambo yasiyo na fahari: spana ipi inafaa nati ipi, boti ya uokoaji inawashwaje asubuhi ya baridi, nani hapendi kuamshwa mapema lakini huja akiombwa. Jambo la kwanza alilotaka kubadilisha ni siku ya mafunzo ya wageni: kutoka Jumamosi aliyoipanga mwenzake kwa jasho hadi Jumatano alasiri, ambayo vyuo vingi vya Uingereza huiachia michezo. Nilimtazama binti yule. Alikuwa na sababu zake za Jumamosi, na hakuitaja hata moja. Aliuliza tu Novemba jua linazama saa ngapi. Kijana akajibu kwamba ni karibu na saa kumi jioni, kwa hiyo mashua zitakuwa na matanga juu saa saba mchana, na tayari ameshapata watu wanne wasio na vipindi asubuhi hiyo wa kuzitayarisha. Komodoo akampa funguo za banda.